Ngazi, Mlango na Ada: Historia ya Michigan Union, na Namna ya Kuandika ya Jengo Lenu

Swali. Marehemu baba yangu alifundishwa sekondari na mwalimu Mmarekani wa Peace Corps, mpango wa serikali ya Marekani wa kupeleka watu wa kujitolea nchi nyingine, miaka ya 1960. Alikuwa akitusimulia kwamba mpango ule ulitangazwa usiku wa manane kwenye ngazi za jengo la wanafunzi la chuo kimoja huko Marekani. Je, ni kweli? Na jengo lenyewe ni lipi? Nauliza pia kwa sababu mimi ni katibu wa serikali ya wanafunzi chuoni kwetu, na tumepewa kazi ya kuandika historia ya jengo letu la wanafunzi. Kibao cha mlangoni kinasema lilifunguliwa 1978, lakini wapishi wastaafu wanaapa kwamba walipika humo tangu 1976. Tufuate lipi?

Jibu. Ndugu katibu, baba yako alikuwa karibu sana na ukweli, isipokuwa neno moja: "ulitangazwa". Neno hilo ndilo litakalotufikisha hadi kwenye kibao chenu.

Jengo ni Michigan Union, katika Chuo Kikuu cha Michigan, mjini Ann Arbor. Tarehe 14 Oktoba 1960, kama saa nane usiku, John F. Kennedy, wakati huo mgombea urais, alifika hapo akitokea New York. Jioni ile alikuwa amemaliza mdahalo wa tatu wa televisheni dhidi ya Richard Nixon. Alikuja kulala tu, asubuhi apande treni aendelee na kampeni ndani ya jimbo. Akakuta wanafunzi wamejaa barabarani wanamsubiri. Makadirio yanayotajwa sana ni watu 10,000. Akasimama ngazini, akazungumza dakika zipatazo tatu. Aliwauliza ni wangapi kati yao, wanaosomea udaktari, walio tayari kwenda kuishi na kufanya kazi Ghana. Na mafundi na wahandisi, ni wangapi wangekubali utumishi wa nje na maisha ya kuzunguka duniani. Kisha akaingia ndani kulala.

Ukisoma maneno yale yote, hutakuta jina "Peace Corps" popote. Hakuna mpango uliotangazwa, wala idadi, wala bajeti. Tena wazo la kupeleka vijana nje lilikuwa limeshaanza kuzungumzwa bungeni Washington. Seneta Hubert Humphrey alikuwa amewasilisha muswada wake mwaka huohuo. Jina lenyewe Kennedy alilitumia kwenye hotuba ya San Francisco tarehe 2 Novemba, na amri ya kuanzisha chombo hicho aliitia saini tarehe 1 Machi 1961, akiwa rais.

Basi ngazi zile zina sifa gani? Zina sifa ya kilichofuata. Siku chache baadaye Chester Bowles, mmoja wa washauri wa Kennedy, alizungumza ndani ya jengo hilohilo. Wanafunzi wawili waliokuwa wamepita shahada ya kwanza, Alan Guskin na mkewe Judith, wakatoka pale wakaandika barua kwenye gazeti la wanafunzi, wakiwataka wenzao wajitokeze kujibu lile swali la usiku. Wakakusanya sahihi karibu 1,000 za watu walio tayari kwenda, na tarehe 6 Novemba, zikiwa zimebaki siku mbili kura zipigwe, wakamkabidhi Kennedy orodha hiyo uwanja wa ndege wa Toledo, Ohio. Swali la dakika tatu likawa limepata jibu lenye majina. Hao wawili nao hawakubaki kuwatuma wenzao: walikwenda wenyewe Thailand katika kundi la kwanza la huko.

Kwetu matunda yalionekana upesi. Tarehe 28 Agosti 1961 Kennedy aliyaaga makundi mawili Ikulu ya Washington, moja la Ghana na moja la Tanganyika. La Ghana lilikuwa la walimu. La Tanganyika lilikuwa na watu wapatao 35: wapima ardhi, wahandisi na wanajiolojia, kazi yao ikiwa kusaidia upimaji wa barabara. Walifika Dar es Salaam kabla ya uhuru wa tarehe 9 Desemba. Walimu, kama huyo wa baba yako, walifuata baadaye. Peace Corps iliondoka Tanzania 1969, ikarudi 1979; kwa hiyo mtu akikuambia alifundishwa nao mwaka 1973 hapa Tanzania, muulize tena taratibu, huenda mwalimu yule alikuja kwa mpango mwingine.

Sasa angalia kibao cha Michigan Union. Kwenye zile ngazi kuna medali ya shaba mahali aliposimama Kennedy, na ukutani maandishi yanayosema kwamba hapo, saa nane usiku, ndipo alipoifafanua Peace Corps kwa mara ya kwanza. Tarehe ni sahihi, saa ni sahihi, mahali ni sahihi, lakini kitenzi kimezidisha. Aliuliza, hakufafanua. Vibao vingi hukosea namna hiyo, na ninashuku hata chenu.

Turudi nyuma kwenye jengo lenyewe, maana historia yake ni ndefu kuliko usiku mmoja. Ukitaka kulielewa jengo lolote la wanafunzi, fuata mambo mawili: nani alilipa, na nani aliruhusiwa kupita mlango upi.

Mwanzoni Michigan Union ilikuwa chama bila jengo. Kiliundwa 1904, cha wanafunzi wa kiume na wahitimu wa kiume, ili kuwaunganisha watu waliokuwa wametawanyika katika nyumba za kupanga na vyama vya makundi makundi. Mwaka 1907 kilinunua nyumba iliyokuwa ya Jaji Thomas Cooley, mtaa wa State, kikaigeuza klabu. Nyumba ya familia moja haikuwatosha. Wakaanza kuchangisha: mwaka 1908 wanafunzi walianza kuonyesha opera yao wenyewe, wanaume wakicheza hata nafasi za wanawake, mapato yakienda kwenye klabu. Baadaye likaja changizo kubwa lenye lengo la dola milioni moja, na wahitimu wakauziwa uanachama wa maisha.

Wasanifu walikuwa ndugu wawili wa mjini hapohapo, Irving na Allen Pond, waliohitimu Michigan na kufungua ofisi Chicago. Nyumba ya Cooley ikabomolewa, ujenzi ukaanza 1916. Mwaka uliofuata Marekani ikaingia vitani. Bei za vifaa zikapanda, michango ikasuasua, na jengo likasimama na kuta lakini bila kumalizika. Kilicholiokoa ni jeshi: serikali ya jimbo ilikopesha pesa za kulikamilisha kiasi cha kuweza kutumika, na mwaka 1918 likawa bweni na bwalo la wanafunzi waliokuwa wakipewa mafunzo ya kijeshi. Hivyo watu wa kwanza kulala na kula ndani ya jengo la starehe la wanafunzi walikuwa askari wanagenzi. Wanachama wenyewe waliingia 1919. Hata hapo bwawa la kuogelea na maktaba vilibaki kuta tupu hadi 1925, kwa kukosa pesa.

Lilikuwa na nini? Bwalo, ukumbi wa dansi, chumba kikubwa cha biliadi, vyumba vya kulala wahitimu wanaorudi kutembea, kinyozi, vyumba vya mikutano, na mnara juu ya mlango mkuu. Kwenye uso wa jengo kuna sanamu mbili, mwanamichezo na msomi. Zote mbili ni za wanaume.

Wanawake walikuwa wakisoma Michigan tangu 1870, miaka 34 kabla ya chama hicho kuundwa. Hawakuruhusiwa kupita mlango wa mbele wakiwa peke yao. Walipita mlango wa pembeni, upande wa kaskazini, na humo ndani walitakiwa kuwa na mwanamume wa kuwasindikiza. Mlangoni palikaa mtu maalumu wa kuangalia hilo. Utaratibu huu haukuwa desturi ya mdomo tu. Ulichorwa kwenye ramani. Milango miwili, njia mbili za ndani, mpaka zinapokutana kwenye ukumbi wa dansi. Ndiyo maana ninasema ramani ya ujenzi ni hati ya historia sawa na muhtasari wowote wa kikao.

Wanawake hawakungoja mlango ufunguliwe. Chama chao kilikuwepo tangu 1890, na wakachangisha nao dola milioni moja, wakajenga jengo lao, Michigan League, lililofunguliwa 1929. Wasanifu walikuwa ndugu walewale. Huko Union, mlango wa mbele ulifunguliwa kwao katikati ya miaka ya 1950, na chumba cha biliadi ukingoni mwa miaka ya 1960. Maana yake Kennedy aliposimama ngazini 1960, kupita mlango uliokuwa nyuma yake bado kulikuwa haki changa kwa msichana, na mwanamke akawa mmoja wa wawili waliolifanya swali lake kuwa mpango. Kabla hujawalaumu Michigan peke yao, jua kwamba jengo la namna hiyohiyo la Toronto, Hart House, lililofunguliwa 1919, halikuwapokea wanawake kama wanachama hadi 1972. Kennedy huyohuyo alishiriki mdahalo humo 1957 huku wanafunzi wa kike wakizuiwa kuingia.

Bado kuna ule mnara. Miongoni mwa walioanzisha Union walikuwa wanachama wa Michigamua, chama cha siri cha wanaume wa mwaka wa mwisho kilichoigiza majina na ibada za wenyeji wa asili wa Marekani. Walipewa chumba juu ya mnara, wakakipamba kama kibanda cha wenyeji hao, na wakakaa nacho miongo kadhaa. Mwaka 1989 walikubali kuacha maigizo hayo. Februari 2000 muungano wa wanafunzi wasio weupe uliingia mnarani, ukakuta vitu vya wenyeji bado vimo, ukakikalia chumba kwa siku 37. Baadaye chuo kikaondoa utaratibu wa vyama vya namna hiyo kumiliki mnara. Michigamua ilibadili jina 2007, ikavunjwa 2021. Chumba kilitolewa kama fadhila kwa waasisi, hakuna aliyeandika mwisho wake, kikageuka mali. Tazameni kwenu: kama kuna ofisi, stoo au chumba kinachoshikiliwa na kundi moja "tangu zamani", tafuteni karatasi iliyowapa. Mara nyingi haipo.

Mara ya mwisho jengo kufumuliwa lilifungwa Mei 2018 likafunguliwa Januari 2020, kwa gharama ya dola milioni 85.2. Ua wa ndani uliokuwa wazi ulifunikwa kwa paa la kioo ukawa mahali pa kukaa. Sehemu ya pesa ilitoka kwa ada mpya ya dola 65 kwa muhula, iliyopitishwa 2013 baada ya wanafunzi wenyewe kuiomba. Piga hesabu: waliolipa 2014 wengi walikuwa wamehitimu kabla ya kufunguliwa. Na miezi miwili baada ya kufunguliwa, Machi 2020, UVIKO ikawarudisha watu nyumbani.

Sasa kazi yenu.

Kwanza, msitafute "mwaka wa jengo". Chukueni karatasi, chora safu tano: chama au wazo lilipoanza, kiwanja kilipopatikana, msingi ulipochimbwa, watu walipoanza kulitumia, lilipofunguliwa rasmi. Kwa Michigan Union safu hizo zinasoma 1904, 1907, 1916, 1918, 1919. Mwandishi akichukua mmoja na kuuita "mwaka wa Union", ana uwezekano wa kupingwa na wenzake wanne na wote wakawa sahihi. Sisi pia tunayo hayo: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza kufundisha 1961 kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikahamia Mlimani 1964, kikawa chuo kikuu kamili 1970.

Pili, ada. Usianze na hotuba, anza na maelekezo ya kujiunga ya kila mwaka, yale wanayotumiwa wanafunzi wapya. Humo kuna orodha ya michango. Tafuta mwaka ambao mstari wa "chama cha wanafunzi", "huduma" au "maendeleo ya majengo" ulitokea, ulipopanda, na ulipotoweka. Masijala ikiwa haina, nendeni maktaba ya chuo sehemu ya makusanyo maalumu, kisha kwa wahitimu wenyewe. Watu hutunza barua ya kujiunga kuliko cheti. Linganisheni na taarifa za hesabu za mwaka huohuo. Kosa la kawaida hapa ni kuchukua bajeti kama matumizi. Bajeti ni walichotaka. Mnachotafuta ni ankara, hati ya malipo na taarifa ya ukaguzi.

Tatu, ramani. Ofisi inayosimamia majengo ya chuo huwa na seti zaidi ya moja: iliyoombewa kibali, ya mkandarasi, na ya jengo lilivyojengwa kweli. Angalieni kona ya chini kulia, pana tarehe na herufi ya marekebisho. Ikiwa seti ina marekebisho A mpaka D na nyie mnayo B, msiandike kwamba jengo "lilikuwa na milango minne" mpaka mmetembea nayo mkononi mkahesabu. Wekeni alama kila mlango uliozibwa. Saruji ya kuzibia huonekana: plasta haishikani sawasawa na ya zamani, na kizingiti cha juu hubaki.

Nne, wapishi wenu. Hao ni hazina, na naomba mwanze nao wiki hii, si baada ya masijala. Nendeni wawili, mmoja aulize, mmoja aandike. Rekodini kwa idhini yake, isizidi dakika 45 kwa kikao, rudini siku nyingine. Msimuulize "zamani palikuwaje?" Atawapa hotuba. Muulizeni: uliingilia mlango upi asubuhi? Jiko lilikuwa la kuni, mkaa au umeme? Chai kikombe kilikuwa shilingi ngapi? Nani hakuruhusiwa kukaa ukumbini? Majibu ya maswali hayo yana uzito kwa sababu mwili unayakumbuka.

Ila mwaka, kumbukumbu huukosea. Watu wengi hawakumbuki tarakimu. Wanakumbuka "kabla ya mgomo", "mwaka niliojifungua wa tatu", "wakati wa vita vya Kagera". Msimlazimishe mpishi aseme 1976. Muulizeni kilichotokea kabla na baada, halafu nyie mtafute tarehe ya matukio hayo. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto huyo wa tatu, au barua yake ya kuajiriwa, itawapa mwezi. Wapishi wawili wakikubaliana mwaka lakini wamekuwa wakisimuliana miaka 40, huo ni ushahidi mmoja, si miwili. Tafuteni wa tatu asiyekaa nao: dereva wa ghala, fundi bomba, mlinzi.

Picha: skani pande zote mbili, nukta 600 kwa inchi, kabla hamjairudisha. Nyuma ya picha ndipo penye muhuri wa studio na mwandiko. Usipime umri wa picha kwa nguo. Pima kwa miti na paa. Mwarobaini uliopandwa mbele ya ukumbi hausemi uongo.

Nimefika kwenye kibao chenu. 1978 na 1976 pengine hazigombani. Vibao vya nchi zetu kwa kawaida huandika siku aliyokuja mgeni rasmi, na mgeni rasmi mara nyingi huja jengo likiwa limeshatumika, maana ratiba yake haisubiri saruji wala saruji haisubiri ratiba yake. Jiko huanza kabla ya yote kwa kuwa watu lazima wale. Kwa hiyo msiking'oe kibao. Nacho ni hati. Thibitisheni 1976 kwa karatasi moja angalau: barua ya ajira ya mpishi, ankara ya kwanza ya vyakula au ya umeme, au cheti cha mhandisi cha kukabidhi jengo. Mkipata, ongezeni kibao kidogo chini yake, na kila mwaka upewe kitenzi chake: "Msingi ulichimbwa mwaka fulani. Jiko lilianza kupika 1976. Jengo lilifunguliwa rasmi 1978." Msipopata karatasi, andikeni vilevile lakini mseme ni kwa kauli ya wapishi, na muwataje kwa majina yao kamili, wakiridhia.